Tundu la Mwisho la Kofia

Shangazi Bimdogo alikuwa na macho mawili kama watu wote, lakini lililofanya kazi lilikuwa moja, na hilo moja lilifanya kazi likipenda. Jingine lilishafunikwa na mtoto wa jicho tangu mwaka juzi. Kwa hiyo baba alipomtuma yeye kwenda kukagua picha, mtu mwingine angecheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa na ungo nachambua mchele, nikaanza kutupa punje nzima pamoja na chuya.

"Nimeambiwa barazani," baba alisema, "kwamba yule kijana Idarusi ametundika picha ya nyumba hii kwa Mwalimu Laurenti. Nyumba si neno. Lakini kama kuna sura ya binti yangu ukutani kwa watu, nataka nijue leo, kabla wageni wa kesho hawajafika."

"Na hiyo sura mie nitaionaje, Hashil? Kwa pua?"

"Chukua mtu akusaidie."

"Nitamchukua Fakhria."

Baba akanitazama, halafu akautazama ungo. "Fakhria tena, dada?"

"Leo Alhamisi, siku ya wanawake. Mwanamume haingii mle. Na hiyo sura yake, nani ataijua kuliko mwenyewe?"

Baba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na tangu mama yangu afariki, neno la shangazi lilikuwa ndiyo funguo za nyumba. Baba akavaa kanzu yake akarudi dukani, kwenye mbata zake na vitabu vyake. Mimi nikaenda kuchukua baibui.

Wageni wa kesho walikuwa watu wa Pangani. Ami yangu alikuwa analeta posa ya mwanawe, Himyar, na jibu lilitakiwa kesho baada ya sala ya Ijumaa. Sitamsema vibaya Himyar. Tulicheza pamoja utotoni, na akikohoa mtu nyumbani kwao yeye ndiye wa kwanza kuleta maji. Ningeulizwa kama ni mtu mwema, ningeapa. Lakini baba hakuniuliza hivyo. Aliniuliza kama namtaka, na alinipa siku saba za kufikiri, jambo ambalo mababa wengi wa mji wetu wasingelifanya. Siku sita nilikuwa nimeshazila bila kusema kitu. Nilikuwa nangoja neno la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa kimya kwa mwezi wa tano sasa.

Ngoja nieleze, maana bila hivyo utaniona mwanamke wa ajabu.

Idarusi alikuwa mtu wa Kigombe, anachora vibao vya maduka. Mwaka wa hamsini na tano baba alimwita aandike kibao kipya cha duka letu, pale Ngamiani. Duka liko chini, sisi tunakaa juu, na ngazi aliyopandia Idarusi ilifika sawa na dirisha la chumba changu. Kibao cha siku mbili alikichora siku tisa. Siku ya kwanza aliuliza, bila kugeuza kichwa, kama herufi zimekaa sawa. Nikamjibu kutoka nyuma ya mbao za dirisha kwamba ya kwanza imelala kama mtu aliyeshiba. Akaifuta. Siku ya pili nikailaumu herufi ya tatu, siku ya tatu nikailaumu ya mwisho. Mimi naye hatukuwahi kushikana hata kidole, lakini mpaka siku ya tisa nilishajua anapenda chai ya tangawizi, mama yake ni msusi wa mikeka, na akicheka hucheka kwa ndani, mabega tu ndiyo yanayotikisika.

Baadaye alimtuma mjomba wake aje amposee. Baba akakataa. Hakumkataa kwa umaskini wala kwa kabila, msije mkamdhania hivyo. Alimkataa kwa sababu ya kibao cha kinyozi wa Barabara ya Nane, ambako Idarusi alichora vichwa vinne vya wanaume, kila kimoja na mkato wake wa nywele. "Simwozi binti yangu mchora sanamu," baba alisema. "Siku ya hesabu ataambiwa azitie roho, na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi."

Basi mimi nikashona kofia.

Kwetu, kwa wanawake wa ukoo wetu, kofia ya mume ina utaratibu wake. Unaitoboa matundu yote ya ua lake na kuyazungushia uzi, miezi miwili au mitatu ya kazi, lakini moja unaliacha. Nyuma, chini, la tatu kutoka kwenye mshono. Unaliwekea alama ya penseli tu. Kisha kofia inapelekwa. Mwanamume akikutaka, anairudisha na wazee wake, nawe unalimalizia tundu hilo la mwisho nyumbani kwenu. Akinyamaza, umeshajibiwa. Na akimpa mwanamke mwingine alimalizie, basi hapo huna haja ya kuuliza tena.

Kofia ile niliipitisha kwa Benedikta, mke wa Mwalimu Laurenti, ambaye sote tulimwita Mama Manase. Alikuwa anakuja kwetu kushona nguo kwa cherehani. Sikuandika barua. Barua hushikwa na watu, lakini kofia ni kofia. Akaipokea, akaipeleka, akaniambia imefika. Miezi mitano ikapita.

*

Mwalimu Laurenti alikuwa Mbondei, mwalimu wa uchoraji aliyestaafu, na nyumba yake ilikuwa Chumbageni, ng'ambo ya reli. Sebule yake aliifanya ya kuonyeshea picha, zake na za vijana aliowafundisha. Aliondoa viti vyote isipokuwa kimoja, akapaka kuta chokaa, akapigilia misumari. Wanaume walikwenda siku yoyote. Alhamisi ilikuwa yetu, tangu adhuhuri mpaka alasiri, na siku hiyo Mwalimu mwenyewe aliondoka nyumbani akamwachia mkewe funguo.

Tulipofika, mwanamke mmoja jirani, Semeni, alikuwa anatoka.

"Shikamoo, Bi Bimdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini humo?"

"Kuna picha ya shamba la mkonge, lakini mistari imekwenda upogo. Nimekata mkonge miaka sita mie, nyapara angemfukuza huyo." Akaenda zake, ameridhika.

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya mafuta ya rangi. Mama Manase alitupokea, akamkaribisha shangazi kwenye kile kiti kimoja, naye shangazi akakikataa hapohapo. Mlango wa kwendea uani ulikuwa umezibwa kwa jamvi lililoning'inizwa kutoka juu mpaka karibu na sakafu.

"Huko nyuma kuna nani?" shangazi aliuliza. Sikio lake halikuwa na mtoto wa jicho.

"Watu wa kusaga rangi, bibi. Hawaingii."

"Haya. Fakhria, anza. Na usinidanganye, maana mie nikidanganywa najua."

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Laurenti mwenyewe, na karatasi chini yake iliandikwa *Ukungu wa Amani*. Nilimwambia shangazi kuna msitu wa milima ya Amani, huko Usambara, na juu ya msitu kuna ukungu.

"Ukungu una rangi gani?"

"Mweupe, shangazi."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Kweli haukuwa mweupe. Kwa chini, pale ulipogusa miti, uliingia kijani, na pembeni kulikuwa na rangi nyingine niliyokosa jina lake, kama maji yaliyooshewa mchele. Nikamwambia hivyo.

"Basi kafika kweli," akasema shangazi. "Marehemu bwana yangu alinipeleka huko kununua iliki. Asubuhi unaosha uso kwa hewa tu. Ukungu wake ndivyo ulivyo, mchafumchafu. Angeupaka mweupe ningejua kasimuliwa."

Hapo nikaanza kufahamu kwamba tangu azaliwe shangazi alikuwa anatazama vitu kuliko mimi, na jicho lake bovu halikumpunguzia kitu.

Tulipita picha nne, tano. Nyingine zilikuwa za wanafunzi, na moja ya jogoo ilinichekesha kwa sababu jogoo alifanana na karani wa baba. Halafu tukafika kwenye za Idarusi. Nilizijua kabla ya kusoma jina. Alichora kwenye mbao za masanduku ya chai, na ukisogea uliona herufi za kiwanda zikichungulia chini ya rangi.

Sikuona mtu. Nilitafuta toka juu mpaka chini. Kulikuwa na kinu na mchi umelala pembeni. Kulikuwa na kamba ya nguo na kanga mbili zimeanikwa. Kulikuwa na mkeka uliosukwa nusu, ukili wake bado umekunjwa juu yake. Vichwa vya kinyozi havikuwapo. Hapakuwa na hata mkono.

"Mbona umenyamaza?"

"Hakuna watu, shangazi. Ni vitu tu. Kama vile wenyewe wametoka kidogo."

"Na nyumba ya baba yako iko wapi?"

Ilikuwa inayofuata. Sikuitambua mara moja, kwa kuwa haikuwa nyumba nzima. Ilikuwa ngazi ya chini ya mlango wetu, ile iliyomeguka pembe, na juu yake jozi tisa za makubadhi. Jozi nane zilielekea ndani, ovyoovyo, kama watu wanavyovua. Jozi moja, kuukuu kuliko zote, kisigino chake kimelika upande, iligeuzwa vizuri kuelekea nje, kiatu kwa kiatu. Chini iliandikwa *Heshima*.

Nikamweleza.

"Viatu hivyo vikuukuu unavijua?"

"Ni vya mjomba wake Idarusi. Siku ya posa. Niliviona dirishani."

"Na nani aliyevigeuza?"

Nilikuwa nimeliona hilo pia, siku ile, na nilikuwa nimelisahau kwa sababu nilikuwa nalia. Baba alipokwisha kumkataa yule mzee, alitoka mbele yake mlangoni, akainama na kanzu yake nyeupe, akamgeuzia viatu ili asipate taabu ya kuvaa. Alimnyima mke wa mpwawe, akamwinamia miguuni. Kijana aliyekataliwa, aliyekuwa akingoja ng'ambo ya barabara, angeweza kuchora ngazi iliyomeguka, au mlango uliofungwa. Katika siku ile yote alichagua jambo moja zuri alilofanya baba.

"Ni baba," nikasema.

Shangazi alitoa ncha ya mtandio akafuta jicho lake zuri, kisha akasema kuna vumbi kwa Mwalimu Laurenti, jambo ambalo Mama Manase hakulipenda.

"Endelea," akasema.

Ilibaki moja, pembeni karibu na jamvi. Nilisogea.

Ilikuwa kofia. Kofia nyeupe imetundikwa kwenye msumari, basi. Lakini ilikuwa yangu. Ua lilikuwa langu, lile la duara sita nililolibuni mwenyewe, na kila tundu lilikuwa limechorwa kama lilivyo, hata yale mawili ya juu niliyoyakaribisha mno usiku nilipokuwa na homa. Aliitundika mgongo mbele, upande wa nyuma unatutazama. Karatasi yake haikuwa na jina, iliandikwa tu *Haiuzwi*.

Furaha ilinijia nikataka kukaa chini. Kisha nikatazama pale mahali. Nyuma, chini, la tatu kutoka kwenye mshono.

Lilikuwa limemaliziwa. Tundu la mwisho lilikuwa limetobolewa na kuzungushiwa uzi kama mengine yote, safi, duara, halina kasoro.

"Hii ni nini?" shangazi aliuliza.

"Si kitu. Kofia."

"Kofia ya nani?"

"Kofia tu, shangazi. Twende nyumbani. Nimeshaona. Sura yangu haimo." Machozi yalikuwa yananishuka ndani ya ushungi, na nilimshukuru Mungu kwa kitambaa cheusi. "Na kesho mwambie baba namkubali Himyar."

"Ala! Siku sita umetafuna ulimi wako, leo kofia imekupa jibu?"

"Ndiyo."

"Ina matundu mangapi?"

Niligeukia mlango wa kutokea.

"Fakhria. Kofia imeshonwa na nani?"

"Na mimi," nikasema, na hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia yote, kwa sauti ya chini, nimeshika mkono wake kama mtoto anayevuka barabara: dirisha, kibao, Mama Manase, miezi mitano. Nilimwambia nimeacha tundu kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, na kwamba sasa limeshonwa, na si kwa mkono wangu. Kuna mwanamke mahali fulani, Kigombe au hapahapa mjini, amekaa na kofia yangu mapajani akanimalizia tundu langu.

Mama Manase akafungua mdomo. Shangazi akamnyamazisha kwa mkono.

"Nisogezee kidole changu," akaniambia. "Hapo penyewe."

"Picha haziguswi, bibi," alisema Mama Manase.

"Mie nimeshona kofia miaka arubaini. Sitaiharibu."

Nikamshika kidole cha shahada nikakiweka juu ya tundu lile. Akakipitisha polepole, akaenda kwenye tundu la jirani, akarudi. Akaenda kwa jingine. Akarudi tena. Uso wake ulikuwa mtulivu kama anachagua dengu.

"Haya mengine yamelala," akasema. "Rangi yake nyembamba, imekauka zamani. Hili limekaa juu. Chini yake kuna kitu kingine kilichochorwa mwanzo, halafu huyu mtu akarudi akakifunika. Bado linanata. Hii kazi ya jana au juzi." Akanusa kidole chake. "Mwanangu, tundu hili halijashonwa na mwanamke. Limeshonwa na burashi."

Nilimwangalia nisimwelewe.

Shangazi akageukia jamvi, akapaza sauti kidogo tu. "Weye msaga rangi uliyeacha kusaga tangu tumeingia. Kohoa nijue uko karibu."

Mtu akakohoa, upande wa pili kabisa wa jamvi, hatua mbili kutoka niliposimama.

"Shikamoo, bibi."

Ilikuwa ni yeye.

"Marahaba. Jina lako?"

"Idarusi, bibi. Wa Kigombe."

"Kofia hii ya kwenye picha unayo?"

"Ninayo. Nimeivaa."

"Ina kasoro yoyote?"

Akasita. Chini ya jamvi niliona miguu yake, pekupeku, na tone la rangi ya samawati kwenye kidole gumba. "Haina kasoro, bibi. Kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa."

"Nimekuuliza kweli, sikukuuliza adabu."

"Basi lipo tundu moja aliyeishona alilisahau."

Nilifumba macho. *Alilisahau.* Miezi mitatu ya kazi, matundu zaidi ya mia mbili, nilisahau moja.

"Kwenu Kigombe wanawake hawashoni kofia?" shangazi akauliza.

"Kwetu wanasuka ukili, bibi. Kofia tunanunua."

"Nilijua," alisema shangazi, akimwambia Mama Manase zaidi ya mtu mwingine. "Na kwenye picha mbona umelijaza?"

"Mwanzo nililichora kama lilivyo. Ndilo nililolipenda. Ndiyo maana niliitundika mgongo mbele, nilione. Lilinionyesha kwamba iliyoshona ni mikono ya mtu, mtu anayechoka kama mimi." Akameza mate. "Halafu juzi Mama Manase akanambia habari ya picha imefika barazani, huenda mkaja Alhamisi. Nikaona aibu. Mtu kanipa zawadi ya kuniagia, nami nimemwanika kosa lake ukutani watu waje walione. Nikalimalizia kwa rangi. Nilidhani namsitiri."

"Zawadi ya kuniagia," nilirudia. Ilinitoka tu, sikuomba ruhusa kwa shangazi. "Nani alikuambia nakuaga?"

Tangu siku ile ya tisa ya kibao hakuwa ameisikia sauti yangu.

"Baba yako alishakataa," akasema, taratibu. "Kisha kofia ikaja bila neno. Nikadhani, huyu ananiambia kwaheri kwa wema. Na mimi nikasema nitakuwa mwema vilevile, sitamsumbua."

"Idarusi, wewe ni mjinga."

"Ndiyo, Bi Fakhria."

"Tundu lile halikusahauliwa. Liliachwa. Ulitakiwa uirudishe na wazee wako, nilimalizie. Ndilo lilikuwa swali lenyewe. Nimengoja jibu mpaka nimekonda."

Mkono ukapita chini ya jamvi, mkono ninaoujua, kucha zina rangi ya samawati, umeshika kofia yangu. Niliinama nikaipokea. Vidole vyetu havikugusana, vilipungukiwa na upana wa sindano, na mpaka leo naweza kukuambia upana huo ulikuwa na joto gani. Nikaigeuza kofia. Alama ya penseli ilikuwapo bado, imefifia, haijaguswa na mtu.

"Nataka kukuoa," alisema nyuma ya jamvi. "Nilikutaka tangu herufi ya kwanza. Nasema mbele ya bibi, ili asije akasema nimesema kwa siri."

Shangazi huwa anatembea na sindano na uzi vimechomekwa pindoni mwa kanga. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Akaupiga kofi.

"Usithubutu. Ya mume haimaliziwi kwenye nyumba ya watu." Akaichukua kofia, akaitia ndani ya baibui lake. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ya upole: "Kijana, vile vichwa vya kinyozi vimekwenda wapi?"

"Nimeacha, bibi. Mzee Hashil aliposema lile neno, nilikwenda nikalifikiri. Sikuona kama anaonea. Nikasema kuna vitu vingi watu wanaviacha kwa muda halafu wanavirudia. Nitachora hivyo, vinanitosha."

"Hata bila kupata mke?"

"Nilikuwa nimeshamkosa, bibi."

*

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika nyumbani. Baba alikuwa amepanda kutoka dukani, anatawadha. Aliposikia miguu yetu akaja na maji bado yanamtiririka mikononi.

"Haya, dada. Kuna picha ya binti yangu?"

Shangazi alivua baibui, akalikunja, akakaa. Hakuwa mtu wa kukimbizwa. "Hakuna. Mle hamna mtu hata mmoja, wala jicho, wala pua. Yuko jogoo, lakini si wa Idarusi."

Baba akashusha pumzi.

"Picha ya binti yako hakuna," akaendelea shangazi. "Kofia ya mkweo ndiyo ipo." Akaiweka kofia juu ya meza.

Baba hakuigusa. Shangazi akamweleza, bila kuongeza chumvi. Alianza na viatu. Alimwambia jinsi jozi moja kuukuu ilivyogeuzwa, na kisigino kilivyolika, na jina lililoandikwa chini. Baba alikuwa amesimama na mikono inadondosha maji kwenye mkeka, na uso wake ulibadilika kidogokidogo, akawa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Aliniona?" akauliza.

"Alikuona. Na katika yote uliyomfanyia siku ile, hilo ndilo alilolichukua. Na vichwa vya watu ameviacha, kwa neno lako lile."

Ndipo akaishika kofia. Akaigeuza, na kidole chake kikaenda moja kwa moja nyuma, chini, la tatu kutoka kwenye mshono. Hakuelekezwa na mtu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba naye alipata kuletewa kofia kama hiyo, na kwamba aliirudisha, na kwamba mama alilimalizia tundu lile katika nyumba ya wazazi wake, yeye akingoja barazani.

"Nani kashona?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi, baba."

"Na watu wa Pangani kesho nitawaambia nini?"

"Waambie kweli," nikasema. "Himyar ni ndugu yangu na nampenda kama ndugu. Hastahili mke ambaye kofia yake alishampa mtu."

Alinitazama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali, na ukali ningeuweza. Sikuwa nimejitayarisha kwa macho yale, yaliyochoka na yaliyojaa.

"Kofia itakaa kwangu," akasema mwisho. "Mama Manase akija asubuhi, mwambieni mwenye nayo aje aichukue mwenyewe. Kichwa wazi, mlango wa mbele, mchana watu wakiona. Na aje na mjomba wake yule yule." Akageuka aende kusali, akasimama. "Mwambieni mzee huyo ngazi ile nimeshamwita fundi. Asije akajikwaa."

Shangazi alichomoa sindano kutoka pindoni mwa kanga yake akanipa bila neno. Mimi nikaenda dirishani, kwenye mwanga uliobaki, nikatia uzi, iwe tayari atakapofika na mjomba wake.